Asmini juu ya udi: mwongozo kamili wa marashi ya maua meupe na miti kwa mwanaume

Mtaani kwetu Ng'ambo alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa na desturi yake kila Ijumaa. Kabla ya kutoka alikwenda kwenye mti wa asmini uliokuwa uani, akachuma maua matatu, akayatia chini ya kofia, kisha akajigusa haludi, yaani mafuta ya udi, nyuma ya masikio. Sisi watoto tuliokaa safu za nyuma msikitini tulijua keshafika kabla hatujamwona. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyesema mzee yule ananukia kike.

Namkumbuka kwa sababu vijana wakijua kwamba nachanganya mafuta, swali la kwanza huwa hilo hilo: "Kaka, hii ya maua si ya wanawake?" Naelewa linakotoka. Asmini tumeizoea kwenye kikuba, kile kishada cha maua wanachovaa wanawake, na kwenye kitanda cha bi harusi, kwa hiyo pua imefundishwa kwamba ua ni la bibi na udi ni wa bwana. Lakini mzee wetu alivaa vyote viwili kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio nitakaoueleza hapa: ua jeupe juu, mti mkavu chini, ngozi ya mwanaume katikati.

Na wenye viwanda wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 1966 Dior walitoa Eau Sauvage, marashi ya kiume yaliyotungwa na Edmond Roudnitska. Watu husifu ulimau wake, ila kilichoyatofautisha na mengine ya wakati ule ni hedioni, kemikali ya kampuni ya Firmenich yenye harufu nyepesi ya asmini yenye hewa ndani. Le Male ya Jean Paul Gaultier, kazi ya Francis Kurkdjian ya mwaka 1995, ina maua ya mdanzi, yaani mchungwa mchungu, tumboni mwake. Mwaka 2007 mtunzi huyo huyo akaleta Fleur du Mâle, na safari hii maua ya mdanzi yalikaa mbele kabisa bila kuona haya. Kwa hiyo kijana anayesema hawezi kuvaa maua, huenda anayavaa tangu sekondari bila kujua.

Yajue maua kabla hujanunua chupa

Wauzaji wakisema "maua meupe" hawaongelei rangi tu. Wanaongelea kundi la maua yenye harufu nzito, tamu, inayozidi jioni, tofauti kabisa na waridi.

Asmini ziko mbili zinazohusika. Ile ya kwetu, inayopandwa uani Unguja na Lamu, kwa jina la kitaalamu ni Jasminum sambac. Harufu yake ina ukijani fulani, kama chai iliyomiminwa sasa hivi. Nyingine ni Jasminum grandiflorum, inayolimwa India, Misri na kule Grasse, Ufaransa. Hiyo ina utamu wa tunda na unyama kidogo. Ukiwa na haya ya maua, anza na sambac. Pua yako inaijua tayari hata kama wewe hujui.

Maua ya mdanzi ni hazina kubwa zaidi kwa mwanaume, na nashangaa yanavyosahaulika. Ua hilo moja hutoa harufu mbili. Likikamuliwa kwa mvuke linatoa neroli, safi, kali kidogo, kama shati lililofuliwa na kuanikwa juani. Likitolewa kwa kiyeyusho linatoa mafuta mazito yenye asali. Hata majani na vijiti vya mti huo huo hukamuliwa, vikatoa harufu ya tatu, chungu na ya kijani. Mtu wa ofisini anayetaka maua bila maswali aanzie kwenye neroli.

Mlangilangi hatuna haja ya kuutafuta mbali. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na Nosy Be kule Madagaska wanaujua pia. Ukienda mashamba ya viungo Unguja utapewa ua lake ulifikiche kiganjani. Harufu yake ni ya ndizi mbivu iliyopitiwa na karafuu. Mafuta yake hukamuliwa kwa saa nyingi na kugawanywa kwa madaraja kadiri yanavyotoka: ya kwanza kabisa ndiyo yenye ua, ya mwisho yana uzito tu. Muuzaji akikwambia "langilangi" bila kutaja daraja, muulize.

Tuberosi ni mwanamwali mwenye ghadhabu. Ina utamu wa tui la nazi, halafu inakuja na kitu cha baridi kama dawa ya kuchua. Carnal Flower ya nyumba ya Frédéric Malle, iliyotungwa na Dominique Ropion mwaka 2005, ndiyo kipimo cha wengi wanaotaka kuijua, na wanaume wanaivaa. Mimi naiheshimu kwa mbali. Gadenia nayo, ujue kwamba karibu kila chupa yenye jina hilo imeungwa maabara, kwa kuwa ua lenyewe halitoi mafuta ya kibiashara kwa urahisi. Si udanganyifu, ni ufundi.

Hapa naongeza ua moja ambalo mimi sijaliona kwenye chupa ya dukani: kilua. Wataalamu wa mimea walipouainisha mti wake waliuita Mkilua fragrans, yaani jina la Kiswahili limeingia katika Kilatini bila kubadilishwa herufi. Ni wa pwani yetu, Kenya na Tanzania. Kilua huvaliwa lenyewe, bichi, siku hiyo hiyo.

Sasa siri inayowatisha watu. Asmini, tuberosi na maua ya mdanzi yana kitu kiitwacho indoli. Ikiwa chembe, ndiyo inayolifanya ua liwe na uhai. Ikiwa nyingi na peke yake, inanuka naftalini za kabatini na, tuseme ukweli, inanuka choo. Lala na kikuba chumbani usiku wa joto ukaone: saa tatu usiku ni raha, alfajiri maua yamekuwa kahawia na chumba kimekuwa kizito. Marashi ya maua meupe yanayomkaa mwanaume vibaya mara nyingi yana tatizo hili, indoli imezidi na mti wa kuibeba haupo. Mambo ya kiume na kike hayahusiki.

Kisha ijue miti

Msandali ndio mto wa kulalia wa asmini. Ni laini, una umaziwa, hauna makali. Ulio maarufu ni wa India, Santalum album, na Australia nao wana wao. Tahadhari moja ya nyumbani: msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umeng'olewa mno mpaka mizizi. Kenya iliupiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mtu akikuletea magogo au unga wake kwenye gunia bila karatasi, mwache aende zake.

Mwerezi ni harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, na kwa kweli ndio mti uliotengenezewa penseli, pamoja na binamu yake wa milimani kwetu, mtarakwa. Ni mkavu, umenyooka, unakausha utamu wa ua lolote. Vetiva kwa asili ni mzizi wa nyasi, ila wauza marashi wameshaihesabu kuwa mti. Ina udongo mkavu na moshi, na nyingi inatoka Haiti. Udi mnaujua: mti wa jamii ya Aquilaria ukivamiwa na kuvu hujitetea kwa kutoa utomvu, na mbao iliyolowa utomvu huo ndiyo tunayoichoma.

Mwenendo wao ukiwa pamoja ndio huu. Ua linaruka upesi na kupiga kelele, mti unakawia na kunong'ona. Kwa hiyo unachovaa saa ya kwanza ni ua lenye mti nyuma yake, na saa ya sita ni mti wenye kumbukumbu ya ua. Chagua ukijua kwamba sehemu kubwa ya siku utakuwa umevaa mti.

Michanganyiko ninayoiamini: neroli na mwerezi kwa kazi, asmini na msandali kwa jioni na kwa shughuli za familia, asmini na udi kwa Ijumaa na harusi, mlangilangi na vetiva kwa mtu aliyechoka kunukia kama wenzake. Tuberosi na udi pamoja sijawahi kuziweza, zinagombana kama mawifi.

Kusoma chupa na kisanduku

Maneno ya Kifaransa pale mbele yanakueleza wingi wa manukato ndani ya alkoholi. Kwa kawaida eau de cologne ina asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na ile iitwayo extrait hupita hapo. Kwa maua meupe kwenye joto la pwani, mimi sioni haja ya kukimbilia kali zaidi. Toilette ya neroli inakutosha mpaka mchana, na parfum ya asmini ivaliwe jioni.

Nyuma ya kisanduku, kwenye orodha ya viambato, tafuta Butylphenyl Methylpropional. Ni kemikali ya harufu ya maua iliyopigwa marufuku Ulaya kuanzia Machi 2022. Ukiiona, chupa hiyo ni ya zamani au haikutengenezwa kwa soko la Ulaya, hata kama muuzaji anaapa imeshuka jana kutoka Paris.

Kuhusu mafuta yanayouzwa kama "asmini safi": ili kupata kilo 1 ya mafuta mazito ya asmini zinahitajika takriban kilo 700 za maua, na ua moja la asmini ni jepesi mno. Yote huchumwa kwa mkono, alfajiri. Chupa inayouzwa kwa bei ya soda haiwezi kuwa na hayo ndani yake. Inaweza kuwa nzuri na inaweza kukufaa, lakini ni ya maabara. Tena, asmini haikamuliwi kwa mvuke kibiashara kama mkaratusi, hivyo lebo inayosema mafuta yake yametoka kwenye mtambo wa mvuke inajitia kitanzi yenyewe. Niliwahi kuuziwa chupa ya namna hiyo, nikaichanganya kwa msandali wangu mzuri, na baada ya wiki yote ikanuka sabuni ya kuogea. Msandali ndio ulioniuma.

Kujaribu: siku nzima, si dakika mbili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Unaingia dukani, unapuliziwa, unanusa, unalipa. Sekunde zile za kwanza ni alkoholi na ndimu, na ua lenyewe halijaamka.

Nenda asubuhi ukiwa umeoga kwa sabuni isiyo na harufu kali na hujajipaka kitu. Anza na karatasi, usizidishe nne. Zile nne zikague kwa mzunguko, kisha chagua mbili tu, moja kila mkono, upande wa ndani juu kidogo ya kiganja. Pua ikichoka, nusa ndani ya kunjo la kiwiko chako mwenyewe. Kikombe cha buni za kahawa wanachokuwekea mezani hakina muujiza. Halafu toka dukani. Muuzaji atakukodolea macho, lakini toka.

Nikupe mfano wa Jumamosi moja Kariakoo. Saa nne asubuhi nilipuliziwa neroli na mwerezi mkono wa kushoto, asmini na msandali mkono wa kulia. Saa nne na robo kushoto kulikuwa kuzuri sana na kulia kulikuwa kukali, kuna kitu kama rangi ya kucha. Nilitamani kumpa yule bwana hela yake ya kushoto pale pale. Nikaenda zangu kunywa chai. Saa sita, jua limeshika, kushoto kumebaki ukavu wa penseli na uchungu mdogo wa ganda la danzi. Kulia asmini ndiyo kwanza inafunguka, ule ukali umekwisha, chini yake kuna kitu laini kama maziwa yaliyochemka. Saa kumi, nimeshashika kamba za mizigo, nimetoka jasho, nimeosha mikono mara mbili: kushoto hakuna kitu, kulia msandali bado upo na ukiinamisha pua unaliona ua likichungulia. Nilirudi nikanunua ya kulia. Ile ya kushoto nilikuja kuinunua mwaka uliofuata, kwa ajili ya ofisini.

Muulize pia mtu mwingine. Kuna kemikali za miti, kama Iso E Super, ambazo baadhi ya watu hawazinusi kabisa na wengine zinawajaa puani. Mke, dada au jirani akikwambia anakunusa na wewe hunusi, mwamini yeye.

Kuchanganya mafuta yako mwenyewe

Wapo wasiotaka marashi yenye alkoholi, hasa ya kuswalia, na wapo wanaotaka tu kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Mafuta yanawafaa wote wawili. Kwa vifaa utahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, kama ya masonara, vibomba vya plastiki vya kudondoshea, kimoja kwa kila mafuta, na chupa ya kioo cheusi ya mililita 15. Usihesabu matone. Tone la vetiva si sawa na tone la neroli, na asmini yenyewe ni nzito kiasi kwamba huna budi kuipasha moto kiganjani ndipo itiririke.

Kwa gramu 10 za mafuta yaliyokamilika, mimi hutumia hivi:

msandali gramu 0.70
mwerezi gramu 0.40
vetiva gramu 0.10
asmini sambac gramu 0.15
neroli gramu 0.10
mlangilangi wa daraja la kwanza gramu 0.05
mafuta ya jojoba gramu 8.50

Ukijumlisha utaona miti ni gramu 1.20 na maua ni 0.30, yaani nne kwa moja. Watu hushtuka wakiona ua ni kidogo hivyo, halafu wakinusa wanauliza mbona ni asmini tupu. Ndivyo ilivyo nguvu yake.

Anza na miti. Tia vetiva, kisha msandali, kisha mwerezi, tikisa, nusa. Hapo pana harufu ya karakana ya seremala baada ya mvua. Maua yaje mwisho, na asmini iende kwa tone moja moja huku ukinusa kila baada ya tone. Kuna tone ambalo kabla yake ulikuwa na karakana tu, na baada yake dirisha la karakana limefunguliwa upande wa bustani. Ukishalifikia, hata kama mizani inasema bado gramu 0.03, simama. Pua yako ina haki kuliko karatasi yangu. Ila kwenda juu ya vipimo hivyo sikushauri. Asmini na mlangilangi huwawasha watu wengine, na IFRA, shirika la wenye viwanda vya marashi, limewawekea mipaka hata watunzi wakubwa.

Jojoba ndiyo nzuri ya kubebea kwa sababu haina harufu na haichachi upesi. Mafuta ya nazi ya kawaida yana harufu yake mwenyewe, na yakipelekwa Nairobi mwezi wa Julai yanaganda chupani, kwa kuwa chini ya nyuzi 24 hivi hayakai majimaji. Msandali ukikushinda bei, tumia amirisi kutoka Haiti. Ni mti mwingine kabisa, mwembamba zaidi, lakini unalibeba ua kwa adabu.

Ziba, andika tarehe, weka kabatini wiki mbili. Siku ya kwanza itanuka vitu sita tofauti vilivyofungiwa chumba kimoja. Ikifika siku ya kumi na nne vimeshazoeana. Kabla ya kujipaka, weka tone ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Pakiwasha au pakiwa pekundu, usijipake.

Anayetaka ya kupulizia abadilishe jojoba kwa alkoholi ya marashi ya asilimia 95 au zaidi, basi. Spiriti ya buluu ya kuwashia taa haifai hata kidogo. Inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu, na harufu yake haifi.

Kuvaa

Joto ndilo linaloamua. Dar au Mombasa mwezi wa Januari, nyuzi 32 na unyevu juu yake, maua meupe hupanuka kama unga wa mandazi. Mchana puliza mara mbili tu: kifuani chini ya shati, na kisogoni. Jioni ongeza moja. Arusha au Nairobi wakati wa baridi hata mara nne hazimkeri mtu, kwa sababu ubaridi unalifunga ua mdomo. Usipulize kwapani wala juu ya jasho, indoli na jasho havisikilizani.

Mafuta ni kugusa tu: nyuma ya masikio, kwenye koo chini ya ukosi, na ndani ya viwiko. Kwenye kanzu nyeupe kuwa mwangalifu sana. Mafuta ya asmini yana rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, na doa lake halitoki. Wenye kanzu ya Kiomani wana raha yao, kile kishada kinachoning'inia shingoni, furakha, ndipo panapowekwa marashi, na kila ukigeuka kinakufukiza mwenyewe.

Baada ya nusu saa hutajinusa. Hiyo ni pua imezoea, marashi bado yapo. Ukiongeza hapo, unawaongezea wenzako.

Kufukiza kabla ya ua

Njia hii naipenda kuliko zote na haihitaji chupa ya bei. Badala ya kutafuta marashi yenye mti ndani yake, weka mti kwenye nguo na ua kwenye ngozi.

Washa kaa dogo kwenye chetezo mpaka liwe jekundu lote, kisha lifunike kwa majivu membamba. Majivu ndiyo ufundi wenyewe. Udi ukikaa juu ya kaa tupu unaungua na kutoa moshi wa kuni, ukikaa juu ya majivu unapikwa polepole na kutoa harufu. Weka kipande kisichozidi ukucha. Tundika kanzu au shati, chetezo kiwe chini yake umbali wa mkono mzima, dakika tano zinatosha. Tumia udi wa vipande, maana udi wa kupika kwa sukari una utamu wake na marashi yake, na ukiuweka chini ya asmini unapata peremende. Iache nguo ipoe robo saa ndipo uivae, halafu gusa asmini au neroli shingoni. Ni kama yule mzee wa Ng'ambo, ila yeye alitumia ua lenyewe. Ukiwa na mti wa asmini uani, na wewe litumie lenyewe.

Kutunza

Chupa ikae kabatini kwenye kisanduku chake, mbali na jua na bafu. Kioo cha mbele cha gari ni kaburi la marashi. Yakigeuka rangi yakawa ya machungwa au kahawia, usiyamwage haraka. Marashi yenye maua ya mdanzi hufanya hivyo kwa asili yake na harufu ikabaki salama. Yamwage yakianza kunuka vanishi au siki tangu mwanzo mpaka mwisho, si dakika ya kwanza tu.

Ukizidisha

Pamba yenye alkoholi ndiyo inayoondoa, kitakasa mikono kikiwa kisicho na harufu kinafaa pia. Sugua pale ulipopulizia, kisha osha kwa sabuni, kisha rudia. Maji peke yake hayasaidii kitu. Shati ulivue, likishaingia kwenye uzi hakuna dawa ila kufua.

Nililijua hili kwa aibu. Nilikuwa naenda kwenye usaili wa kazi, nikajipulizia tuberosi mara saba, nikapanda daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, madirisha mawili hayafunguki. Mama aliyekaa pembeni yangu alivumilia mpaka Mtoni, kisha akajifunika pua kwa ncha ya khanga, akaniangalia kwa huruma ya kweli na kuniuliza, "Mwanangu, chupa imekupasukia mfukoni?"

Nikamjibu ndiyo.